Ziwa Limenuna: Shajara ya Darasa la Jioni, Ujiji

Jumapili, kabla ya wiki ya kwanza

Chumba kimepatikana. Ni ukumbi wa nyuma kwa bibi mmoja hapa Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika, una mabenchi manne, ubao uliopasuka pembeni na taa moja ya sola inayochoka ikifika saa tatu. Kodi ni kumsomea bibi ujumbe wa simu kutoka kwa wanawe walioko Dar es Salaam, na kumwandikia majibu. Nimekubali kabla hajamaliza kusema.

Walioandikishwa ni 11, wote watahiniwa wa kujitegemea, wanarudia Kiswahili cha Kidato cha Nne mwezi Novemba. Tuna wiki tisa. Tutakutana Jumatatu na Alhamisi, baada ya magharibi. Mchana mimi niko dukani Mwanga, kwenye stesheneri; tajiri amenipa ruhusa ya kutoa kopi za darasa kwenye karatasi zilizoharibika upande mmoja. Kwa hiyo kila kifungu watakachosoma kitakuwa na fomu ya mtu mgongoni, au nusu ya tangazo la harusi. Wazoee.

Lengo nimeliandika kwenye jalada la daftari hili ili nisijidanganye baadaye: mtu apewe kifungu ambacho hajawahi kukiona, akisome, aseme mwandishi amefanya nini na kwa nini amefanya vile. Kutaja majina ya tamathali si lengo. Kutaja wanajua.

Wiki ya 1, Jumatatu

Wamekuja sita. Watano wanavua, na huu ni wakati wa giza. Dagaa hufuata taa, na taa haina kazi mwezi ukiwaka. Nilikuwa nimepanga ratiba kwa kalenda ya ukutani. Jioni hii nimeipanga upya kwa kalenda ya angani.

Nilianza kwa kuwauliza tamathali za semi wanazozijua. Zilitoka kama wimbo: tashibiha, sitiari, tashihisi, tafsida, mubaalagha, kejeli, na kuendelea, mpaka nikaishiwa nafasi ubaoni. Nikafurahi. Kisha nikaandika sentensi tatu, nikawaambia watafute tashibiha, yaani mfananisho:

Kama mvua ikinyesha, tutahamia ndani.
Walikuja watu kama ishirini.
Alisimama mlangoni kama mgeni kwenye nyumba yake mwenyewe.

Wanne kati ya sita walisema zote tatu ni tashibiha. Sababu? "Kuna kama, Mwalimu." Hawakutunga hilo wenyewe. Kijitabu cha maswali na majibu, ambacho mimi mwenyewe nimekitoa kopi mara nyingi sana nikiwa dukani, kinasema tashibiha hutambulika kwa maneno kama, mithili ya, mfano wa. Kinaishia hapo. Mwanafunzi anatoka na chombo cha kunusa neno, hana chombo cha kupima kazi yake.

Tukakaa kwenye ile sentensi ya tatu peke yake. Nani anasimama mlangoni kama mgeni? Mgeni husubiri aambiwe karibu. Sasa mwenye nyumba anasubiri nani amwambie karibu? Binti wa benchi la mbele akasema, "Basi wamegombana humo ndani." Hakuna palipoandikwa wamegombana. Nikamwambia hiyo ndiyo kazi ya tashibiha, imeleta ugomvi bila kuutaja. Aliandika kitu kwenye daftari lake, sikukiona.

Wiki ya 2

Kosa langu, niliandike lilivyo.

Nilitaka kifungu chenye tamathali nyingi mahali pamoja, nikakitunga mwenyewe usiku. Jua liliaga kwa huzuni, ziwa likatabasamu kama bibi harusi, upepo ukanong'ona siri elfu moja, nyota zikapiga makofi. Mambo ya namna hiyo, ukurasa mzima. Nilijivunia.

Tunaye mama mmoja darasani, anauza mihogo ya kukaanga karibu na soko, ana watoto watatu na anasoma ili apate cheti alichokikosa miaka mingi iliyopita. Aliposoma aya mbili aliweka karatasi chini akasema kwa heshima zote, "Mwalimu, huyu mwandishi anajitutumua." Wenzake wakacheka. Sikusema kwamba mwandishi ni mimi. Nilimuuliza anajuaje. Akasema, "Kila kitu kwake kinafanya kitu. Jua, ziwa, nyota. Sasa nimtazame nani?"

Nimelala na swali hilo. Tamathali ni sawa na chumvi, tunasema hivyo kila siku, lakini mfano huo haujafika mbali. Chumvi huenea sufuria nzima. Tamathali nzuri hukaa mahali pamoja na kuvuta jicho pale pale, kwa hiyo zikiwa kumi zinavutana zenyewe kwa zenyewe. Alhamisi nilirudi na kifungu kile kile, nimefuta zote nikaacha moja. Wakakubali kwamba sasa kinasomeka. Mama akauliza aliyekisahihisha ni nani. Nikasema ni wewe.

Wiki ya 3, Jumatatu

Mbalamwezi. Wavuvi wamerudi nchi kavu, benchi la nyuma limejaa, na darasa linanuka dagaa. Nalisema bila kinyongo, mimi mwenyewe nimekulia kwenye harufu hiyo.

Nilikuwa na mpango wa tashihisi, lakini haukuhitajika. Kijana mmoja wa Kibirizi, mrefu, asiyependa kuandika, alikuwa akimweleza mwenzake kwa nini wiki iliyopita walirudi mapema: "Ziwa lilikuwa limenuna." Nikamwomba arudie. Akadhani amekosea.

Niliandika ubaoni sentensi yake, na chini yake nikaandika: Ziwa lilikuwa na mawimbi makubwa. Nikauliza, tofauti ni nini? Nilitegemea jibu la kitabuni, yaani kitu kisicho na uhai kimepewa sifa za binadamu. Lilikuja, kutoka benchi la mbele, neno kwa neno. Sahihi kabisa, na halina faida. Nikamgeukia mwenye sentensi. Alifikiri muda mrefu akikuna kiganja.

"Mawimbi unayaona," akasema. "Unayapima, unasema nakwenda au siendi. Aliyenuna hujui atafanya nini. Anaweza kukaa kimya hivyo hivyo mpaka asubuhi. Anaweza kukugeukia."

Nimefundisha tashihisi zaidi ya mara kumi na sijawahi kuieleza hivyo. Sifa za binadamu ni nyingi. Wavuvi wamechagua moja, ya mtu ambaye nia yake haisomeki. Sentensi yangu ya mawimbi inatoa habari. Ya kwake inatoa habari, na hofu, na namna ya kuishi na hofu hiyo, maana mtu aliyenuna humpigii kelele, unamwacha.

Kabla hatujaondoka tulichora safu tatu kwenye kila daftari. Ya kwanza: nimeona nini. Ya pili: ingekuwaje bila hiyo. Ya tatu: kwa nini hapa. Jina la tamathali linaandikwa mwisho, pembeni, kwa penseli. Binti wa mbele aliuliza kama msahihishaji wa mtihani atapenda safu hizo. Nikamjibu kwamba safu ni za daftari. Kwenye karatasi ya mtihani ataandika jina kwanza, mfano wa pili, na maelezo yake yatakuwa marefu kuliko ya jirani yake. Aliridhika nusu.

Wiki ya 3, Alhamisi

Mazoezi ya safu tatu. Safu ya kwanza inajaa haraka, ya pili polepole, ya tatu ni jangwa. Wengi wanaandika "ili kupamba lugha". Nimepiga marufuku sentensi hiyo mpaka mtihani uishe. Ukisema pambo, eleza limeficha nini au limeonyesha nini, kama vile mtu anavyovaa kitu kwa sababu.

Wiki ya 4

Vitendawili, na tumecheka mno.

Nilitaka sitiari, nikaingilia kwa kitendawili kwa sababu naona ni sitiari iliyofichwa upande mmoja. Ukisema yai ni nyumba isiyo na mlango, umetoa pande zote mbili na msikilizaji hana kazi. Ukisema "Nyumba yangu haina mlango" ukanyamaza, umemwachia atafute upande wa pili, na akiupata haachi tena kuliona yai kama nyumba. Msomaji wa sitiari hufanya kazi ile ile, ila haambiwi "kitendawili", na asipoangalia anapita tu.

Wakatunga vyao. Vingi vilikuwa vibovu, na hilo ni sawa. Kimoja nakiandika hapa kwa sababu kila mtu alikaa kimya kwanza: "Mji wangu wawaka usiku, mchana haupo." Ukisimama mlimani Kigoma wakati wa giza ukatazama ziwani, utajua jibu: taa za wavuvi. Kijana wa Kibirizi akaongeza, "Na mbalamwezi ikija, umeme umekatika mji mzima." Sitiari imerefushwa na mtu ambaye wiki moja iliyopita alidhani amekosea kusema ziwa limenuna.

Mama wa mihogo alikuja amevaa kanga iliyoandikwa "Sisi sote abiria dereva ni Mungu". Tukaisoma. Abiria na dereva wametajwa; safari na chombo havikutajwa lakini vipo. Binti wa mbele akasema inafaa kwa mtu mnyenyekevu. Mama akacheka: "Inategemea unapita mbele ya nani. Ukipita mbele ya aliyejenga ghorofa juzi, hiyo ni kejeli." Hapo tukapata somo la wiki nzima ijayo bila kulipanga, yaani kwamba sentensi ile ile hubadilika kwa mvaaji na mtazamaji. Sikulipanga na sikulifuata pia, muda hautoshi. Naliacha hapa, pengine awamu nyingine.

Wiki ya 5

Giza tena, sita tu. Mvua imeanza, bati la bibi linapiga kelele mpaka nafundisha kwa ishara.

Tumehamia kwenye muundo wa maandishi ya kawaida, yasiyo hadithi. Binti wa mbele alileta barua aliyoandikiwa alipoomba kazi ya muda mahali fulani mjini. Aliikunja mara kadhaa, ilikuwa kama tiketi. Alitaka tuitumie, nilimuuliza mara mbili kama ana uhakika. Barua ilikuwa na aya nne: wanamshukuru kwa maombi yake, wanatambua sifa zake nzuri, hata hivyo, waombaji walikuwa wengi, wanamtakia kila la heri.

Alisema alipoipokea alisoma aya mbili za kwanza akamwita mama yake waje kusherehekea. Akamsomea kwa sauti. Alipofika kwenye "hata hivyo" sauti yake ikakatika, mama akawa hajaelewa bado anatabasamu.

Nikawaambia wachore duara kuzunguka "hata hivyo". Ni kama pale stesheni reli inapogawanyika. Mabehewa ni yale yale, lakini mtu akivuta chuma, treni inakwenda kwingine. Anayejua kusoma kwa muundo huitazama kwanza hiyo njia panda, kisha ndiyo aanze kusherehekea. Tulitengeneza orodha yetu ya maneno yanayovuta chuma: hata hivyo, lakini, ilhali, licha ya, kwa upande mwingine. Na yale yanayosukuma mbele tu: kwa hiyo, ndiyo maana, matokeo yake, kisha. Baadaye nikawapa tangazo la maji, wakaonyesha wapi tatizo linaishia na wapi suluhisho linaanza. Walimaliza dakika tano. Tangazo la maji halina ujanja.

Kilichobaki kichwani mwangu ni lile tabasamu la mama yake. Aliyeandika ile barua alijua anachokifanya, aliweka sifa kwanza ili pigo liwe laini. Huo nao ni muundo, na ni tafsida ya ukurasa mzima.

Wiki ya 6

Mdokezo. Walidhani nukta tatu ni wino ulioisha. Nikawauliza, mtu akikujibu kwenye simu "Sawa" na mwingine akakujibu "Sawa...", ni jibu moja? Vicheko. "Wa pili nimekwisha," akasema kijana mmoja. Basi. Hawakuhitaji mwalimu kwa hilo.

Tafsida ilikwenda vizuri mwanzoni: kujifungua, kwenda haja, ameaga dunia. Nikaomba mfano wa hapa kwetu. Mama wa mihogo akasema, "Ziwa lilimchukua mdogo wangu."

Ni tafsida na ni tashihisi kwa pamoja, na mtu angeweza kuandika aya nzuri kuhusu namna neno "kuchukua" linavyoacha nafasi ya kurudisha. Ubaoni kulikuwa na safu zetu tatu. Safu ya pili inauliza ingekuwaje bila hiyo. Sikuijaza, na hakuna aliyeniomba. Tulifunga mapema kidogo, tukasaidiana kuingiza mabenchi.

Wiki ya 7, Jumatatu

Mbalamwezi, wote wapo isipokuwa mmoja aliyehamia Kasulu. Tuko kumi. Hii ndiyo wiki niliyokuwa naisubiri.

Nimeandika kifungu cha aya saba kuhusu meli ya Liemba, safari hii bila jua kuaga mtu. Ya kwanza: mwaka 1913 inaundwa Papenburg, Ujerumani, kwa jina la Graf von Götzen. Ya pili: inafumuliwa, inafungwa kwenye makasha, inaletwa kwa bahari hadi Dar es Salaam kisha kwa reli kuja Kigoma, reli ambayo ilikuwa imefika hapa mwaka 1914. Ya tatu: 1915 inashushwa majini. Ya nne: wahandisi wake wanazipaka injini grisi nzito. Ya tano: Julai 1916, vita vikiwa vimewaelemea, Wajerumani wanaizamisha wenyewe. Ya sita: 1924 Waingereza wanaiibua. Ya saba: 1927 inarudi kazini ikiitwa Liemba, na kwa miaka mingi abiria wakawa wanaipanda kutoka kwenye mitumbwi katikati ya maji, kwa kuwa vijiji vingi vya kandokando havina gati.

Nikakata aya kwa mkasi, nikachanganya, nikagawa bahasha tatu na selotepu. Maagizo yalikuwa mafupi: bandikeni kwa mpangilio mnaoutaka, mradi mweze kuutetea.

Kundi la kwanza walipanga kwa miaka. Walimaliza kabla sijakaa. Huo tunauita msago, wa moja kwa moja, na wengi wanaudharau wakidhani ni wa kitoto.

Kundi la pili walibishana mpaka bibi akatoka kuchungulia. Mwisho walianza na aya ya sita: meli inaibuka kutoka chini ya ziwa mwaka 1924. Halafu wakarudi nyuma mwanzo kabisa, wakashuka taratibu. Rejea. Nikawauliza wamepata nini. Kijana aliyehamia hapa kutoka Uvinza akajibu kwamba msomaji akiona chuma kinatoka majini lazima aulize kilifikaje huko, na wao hawamwambii mpaka amalize aya nne. Taharuki haiko kwenye tukio, akasema, iko kwenye mpangilio. Hapana, hakusema hivyo hasa, alisema, "Habari ni zile zile, Mwalimu, sisi tumezificha tu." Yangu imepambwa, yake ndiyo nzuri.

Kundi la tatu waliniomba kalamu na karatasi, jambo ambalo halikuwa kwenye maagizo. Bibi yake mmoja wao aliwahi kusafiri na Liemba kwenda Kasanga, na wakaona ni ujinga kuacha safari hiyo nje. Waliandika vipande vitatu vifupi vya bibi, anapanda kutoka kwenye mtumbwi, anakaa juu ya gunia, anashuka, wakavipachika katikati ya vipande vyangu: mwaka 1913, bibi, mwaka 1915, bibi. Muundo rukia, na hawakujua kwamba una jina.

Wiki ya 7, Alhamisi

Tumerudi kwenye ile aya ya nne, ya grisi. Nilidhani tumemaliza, mama wa mihogo alikuwa hajamaliza.

Alibandika kazi ya kundi la kwanza na la pili ubavu kwa ubavu ukutani. Akaweka kidole kwenye grisi, kushoto. "Hapa naisoma sijui chochote. Watu wanapaka grisi injini. Nashangaa kidogo, naendelea. Baadaye meli inazama, nasema aha." Akahamisha kidole kulia. "Hapa nimeshaiona meli imetoka majini. Nikifika kwenye grisi najua tayari. Nasema, kumbe walijua watairudia." Akatugeukia. "Maneno hayajabadilika hata moja. Huku ni kidokezo, huku ni jibu."

Nikamwomba aandike hayo. Akasema mkono wake umechoka na mihogo, lakini akaandika, mistari sita, na nimeibandika ndani ya jalada la daftari hili.

Kijana wa Kibirizi akaleta la kwake. Wajerumani waliopaka grisi walitaraji kurudi. Waliorudi ni wengine. Akauliza jambo kama hilo, mtu anajiandalia chakula akaja kula mwingine, linaitwaje. Nikasema ni kinaya. Akarudia neno mara mbili, akaandika. Ni mara ya kwanza namwona akiandika kitu bila kuagizwa.

Kwa upande wangu, doa moja. Kundi la kwanza walijiona wameshindwa kwa kuwa kazi yao ilikuwa nyepesi. Nilipaswa kuwaambia Jumatatu pale pale kwamba wameichagua njia ambayo grisi inafanya kazi kubwa zaidi. Nimewaambia leo, imechelewa, wawili walikuwa wameshatoka kuwahi bodaboda.

Wiki ya 8

Ushairi. Nilikuwa nauahirisha, naukubali woga wangu. Wanajua kuhesabu beti na mishororo, wanajua vina vya kati na vya mwisho, ila mizani, yaani idadi ya silabi, wanakosea kwa sababu wanahesabu kwa jicho badala ya sikio. "Mtu" wanahesabu moja. Ni mbili, m-tu. "Ng'ombe" wanahesabu tatu. Ni mbili, ng'o-mbe.

Binti wa mbele ana mbinu aliyoitoa madrasa wakati wa kaswida. Unakunja vidole gumba vyote viwili, vinabaki vidole vinane, kila silabi kidole. Ukifika mwisho wa kidole kidogo cha mkono wa pili na kina kimetua hapo hapo, nusu mshororo imekamilika. Ukibakiwa na kidole umepunguza, ukikosa kidole umezidisha. Darasa zima likawa linapiga vidole mapajani. Kwa mbali ungedhani wanatafuta funguo.

Tukajaribu kutunga ubeti mmoja wa mishororo minne, nane kwa nane. Wa kwanza ulikuja wenyewe, unajulikana ulikotoka:

Ziwa limenuna leo, mitumbwi yalala pwani

Wa pili ulichukua nusu saa na ni wa mama:

Hatupati kitoweo, tutasema nini ndani

"Ndani" hapo ni nyumbani, kwa watoto. Nilimuuliza kwa nini hakusema tutakula nini. Akasema kula ni kesho, kusema ni leo usiku ukifika mlangoni mikono mitupu. Nikakumbuka yule wa wiki ya kwanza, aliyesimama mlangoni kama mgeni kwenye nyumba yake. Nadhani na binti wa mbele alikumbuka, aligeuka kunitazama.

Wa tatu ulitushinda. Kina cha kati kilitaka -eo na kila tulicholeta kilikuwa cha kulazimisha: upeo, kimeo, mapokeo. Niliwaambia mshororo wa kulazimisha ni mbaya kuliko mshororo uliokosekana. Tukaacha nafasi ubaoni. Wavuvi waliaga Alhamisi hiyo, mwezi umeanza kuchelewa kutoka na usiku wa mapema una giza la kutosha kwa taa.

Wiki ya 9, Jumatatu

Zoezi la mwisho. Kifungu kigeni kabisa, nilikichukua kwenye gazeti la zamani lililokuwa likifungia vitu dukani, simulizi fupi ya mwanamume anayesubiri treni. Dakika 40, bila msaada.

Walikuwa sita. Sitaandika alama, sikutoa alama. Niliangalia safu ya tatu tu. Sentensi ya "kupamba lugha" imejitokeza mara moja. Wanne wameona kwamba simulizi inaanza na treni imeshaondoka, na watatu kati ya hao wamesema kwa nini: ili tumjue kwanza kama mtu aliyeachwa, kabla hatujamjua kama mtu aliyechelewa. Mmoja amekosa kabisa, ameandika orodha ya tamathali kwa namba kama zamani. Ni yule aliyekosa wiki ya 6 yote. Kesho atapita dukani, tutakaa naye nyuma ya mashine ya kopi.

Wasichoweza bado: kueleza muundo wa kifungu kirefu kuliko kurasa mbili. Hatukufika huko. Kwenye mtihani watakutana na tamthiliya nzima na riwaya nzima, na mimi nimewazoesha aya saba.

Wiki ya 9, Alhamisi

Bibi ameniita ndani nimsomee ujumbe, nikadhani ni wa wanawe. Kumbe ulikuwa kwenye simu yangu, niliyoiacha mezani kwake inachaji. Ulitumwa saa kumi na nusu alfajiri, kutoka kwa kijana wa Kibirizi. Hakuna salamu, si kawaida yake. Kawaida huanza na shikamoo Mwalimu hata akiomba ruhusa.

Halijali mtu na cheo, haliulizi u nani

Nilikwenda ubaoni nikauandika kwenye nafasi ya tatu. Nikakunja vidole gumba. Nusu ya pili imetua sawasawa. Nusu ya kwanza nilikosa kidole: ha-li-ja-li-m-tu-na-che-o. Tisa. Wanafunzi walipofika walihesabu wenyewe kabla ya kukaa. Binti wa mbele akasema tuifute ile "na", itakaa. Mama akasema tusiguse sentensi ya mtu hayupo.

Nikampigia, hakupatikana. Nikamwandikia: Umezidisha moja, nusu ya kwanza ina mizani tisa.

Jibu limeingia sasa hivi, nalitia hapa nikifunga daftari: "Shikamoo Mwalimu. Najua. Nilikuwa nahesabia mkono mmoja, wa pili umeshika kamba."